Kazi ya kuwasimamia wanafunzi walioachwa nyuma Uganda: pa kuanzia na karatasi za kubeba

Mwongozo huu ni wa mtu aliyemaliza S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, au mwenye diploma au digrii ambayo bado haijampa kazi, au aliyevuka mpaka kutoka Kongo na cheti chake ndani ya mfuko wa nailoni. Anataka kazi ya kuhakikisha mtoto wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wa Napak kule Karamoja au wa visiwa vya Buvuma anasoma hadi mwisho kama mtoto wa Kololo, mtaa wa matajiri Kampala. Nazungumzia kazi ya mshahara, inayolipa kodi ya nyumba na kusomesha watoto wako mwenyewe. Ya kujitolea wikendi ina mwongozo wake.

Sheria tunazo. Katiba ya 1995, ibara ya 30, inasema kila mtu ana haki ya elimu, na ibara ya 32 inaitaka serikali iwainue waliowekwa pembeni kwa sababu ya jinsia, umri, ulemavu au historia. Elimu ya msingi bila ada, ile tunayoiita UPE, ilianza 1997, na ya sekondari, USE, ikafuata 2007. Lango la shule lilifunguliwa zamani na watoto wakaingia kwa mamilioni. Shida ni kwamba baada ya kuingia wanatoweka, kila kundi katika darasa lake na kwa sababu yake. Anayeajirika katika fani hii ni yule anayejua wanatoweka wapi, kwa nini, na ofisi gani ina uwezo wa kuwarudisha. Huruma wanayo wengi, na hakuna anayeajiriwa kwa huruma peke yake.

Hatua ya 1: Tafuta darasa wanaloangukia

Kabla ya kutafuta chuo au shirika, nenda kwenye shule moja ya msingi ya serikali unayoifahamu. Mwombe mwalimu mkuu ruhusa ya kunakili idadi ya wanafunzi wa kila darasa, P1 hadi P7, wavulana kivyao na wasichana kivyao. Mara nyingi imebandikwa kwenye karatasi kubwa ukutani ofisini kwake, kwa hiyo hutamsumbua sana.

Utakuta P1 imejaa pomoni na P7 ina watoto wachache. Usikimbilie kusema wote waliopungua wameacha shule. Vijiji vingi havina chekechea, kwa hiyo wazazi huwaleta P1 watoto wa miaka minne na mitano, nao hurudia darasa hilo hilo hadi wakue. P1 imevimba. Anayechora mstari kutoka P1 hadi P7 na kutangaza kwamba wengi kiasi kile wamepotea atachekwa na afisa elimu yeyote wa wilaya, na atastahili. Pa kuangalia kwa makini ni P3 kwenda P4, kisha P5 na P6 kwa wasichana, kisha P7 kwenda S1.

P4 ni darasa la lugha. Tangu mtaala mpya wa madarasa ya chini ulipoanza 2007, P1 hadi P3 hufundishwa kwa lugha ya eneo, na P4 ni mwaka wa kuhamia Kiingereza. Mtoto aliyefika hapo hajui kusoma sentensi hata kwa lugha ya nyumbani sasa anadaiwa asome sayansi kwa lugha ya tatu au ya nne. Haachi siku hiyo. Anaanza kukosa Ijumaa, kisha siku za soko, kisha muhula mzima.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, hapa pana kundi letu hasa. Mtoto anatoka Kivu akiwa darasa la tano, amezoea Kiswahili na Kifaransa, na anapofika Nakivale, Kyangwali, Kyaka II au Rwamwanja anarudishwa P2 kwa sababu hajui Kiingereza. Hesabu anazijua. Anaketi na watoto wa miaka saba ilhali yeye ana kumi na tatu, magoti hayaingii chini ya dawati, na wadogo wanamwita mzee. Nimewaona wengi wakivumilia muhula mmoja, halafu unawakuta wamebeba mahindi ya watu kwa malipo. Kwa watoto kama hao kuna madarasa ya elimu ya haraka, yanayobana miaka saba ya msingi katika ngazi tatu: ya kwanza ni P1 hadi P3, ya pili P4 na P5, ya tatu P6 na P7. Wazazi wengi kambini hawajui kwamba yapo, au wanadhani ni shule ya watu wazima. Kumwelekeza mtoto mmoja kwenye ngazi inayomfaa ni kazi ya saa mbili, lakini lazima awepo mtu anayejua.

Kwa wasichana hesabu ni nyingine. Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa zote hadi Januari 2022, na wengi hawakurudi kwa sababu walikuwa wameolewa au wameshika mimba. Hilo likaonekana kuwa janga la korona peke yake. Siyo. Korona ilizidisha jambo linalotokea kila mwaka kati ya P5 na P7, pale choo cha shule hakina mlango, safari ni ndefu, na nyumbani kuna anayehesabu ng'ombe.

P7 kwenda S1 ni suala la fedha na umbali. Mtoto amefaulu PLE, mtihani wa mwisho wa msingi, lakini sekondari ya USE iko kilomita kumi na tano, au inataka sare, godoro na pesa ya chakula ambayo sheria haiiiti ada. Katika makazi ya wakimbizi shule za sekondari ni chache mno zikilinganishwa na za msingi, na hata wenyeji wanaoishi jirani hupigania nafasi hizo hizo.

Makundi mengine nitayapita haraka, lakini yasome mwenyewe. Karamoja, ambako mpango wa elimu mbadala, ABEK, ulianzishwa 1998 ili masomo yawafuate watoto wachungaji malishoni. Batwa wa Kisoro, Rubanda na Kanungu, waliotolewa msituni Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa 1991 na hadi leo watoto wao ni nadra kuwaona sekondari. Watoto wenye ulemavu kila mahali. Watoto wa mitaa ya mabanda Kampala, wakiwemo wanaoletwa kutoka Napak kuomba barabarani.

Chagua darasa moja na kundi moja. Ukiulizwa kwenye usaili unataka kufanya nini, jibu kama "nataka kufanya kazi na wasichana waliokwama kati ya P7 na S1 wilaya ya Isingiro" linamfanya anayeuliza aweke kalamu chini na kusikiliza.

Hatua ya 2: Amua utashika upande gani wa kazi

Kuna darasani. Mwalimu wa msingi wa serikali hupata karibu nusu milioni ya shilingi kwa mwezi. Mwalimu wa sayansi mwenye digrii katika sekondari alipandishwa hadi shilingi milioni 4 mwaka 2022, na wale wa sanaa wakagoma kwa kuachwa nyuma. Anayefundisha maeneo yaliyotambuliwa rasmi kuwa magumu kufikika huongezwa asilimia 30 ya mshahara. Ukiwa mwalimu mzuri P4 ndani ya Moroto au Bundibugyo, unafanya kazi hii kuliko wengi wenye gari lenye nembo mlangoni.

Kuna elimu ya mahitaji maalumu: alama za viziwi, breili, kumtambua mtoto mwenye shida ya kujifunza kabla hajaitwa mjinga. Wataalamu ni wachache na wilaya zinawatafuta.

Kuna mashirika. Windle International, Save the Children, Finn Church Aid, Baraza la Wakimbizi la Norway na BRAC wameajiri watu wa elimu nchini. FAWE Uganda inashughulikia wasichana, LABE inafundisha kusoma na kuandika familia nzima, mzazi pamoja na mtoto. Uwezo hupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, nyumba kwa nyumba, kwa kutumia vijana wa wilaya husika. Mikataba ya mashirika ni ya mradi, mwaka mmoja au miwili, na mfadhili akiondoka nawe unaondoka. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilipokata sehemu kubwa ya misaada yake, watu wenye uzoefu wa miaka walirudi nyumbani ndani ya wiki chache. Waliokuwa wamesajiliwa kama walimu walikuwa na pa kuangukia. Ndiyo sababu hatua ya 3 nimeipa nafasi kubwa.

Na kuna upande ambao vijana hawaupendi kwa sababu hauna picha za watoto wanaotabasamu: fedha za umma. Kwangu huu ndio wenye nguvu kuliko yote. Watafiti walipofuatilia ruzuku ya wanafunzi iliyotoka hazina kati ya 1991 na 1995, walikuta kwa wastani asilimia 13 tu ndiyo iliyofika shuleni. Nyingine iliishia ofisi za katikati. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi kilichopokelewa. Miaka michache baadaye sehemu kubwa, zaidi ya asilimia 80, ilikuwa ikifika. Tangazo la ukutani halikuwa dawa peke yake, kulikuwa na mageuzi mengine pia, lakini fikiria ni bursari ngapi ingebidi zitafutwe ili kuziba pengo la namna hiyo. Mtu anayejua kusoma bajeti ya wilaya na kumweleza mzazi kwa Kiswahili au Runyankore anahitajika kila mahali, na hana washindani wengi.

Hatua ya 3: Panga vyeti vyako

Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inataka kila mwalimu, hata wa chekechea na msingi, awe na digrii. Vyuo vya zamani vya ualimu wa Daraja la III vimebadilishwa mfumo, na taasisi mpya ya taifa ya ualimu, UNITE, imewekwa kusimamia mafunzo hayo. Ukiambiwa na mtu yeyote kwamba kuna kozi ya ualimu ya miezi sita itakayokuingiza kwenye orodha ya mishahara ya serikali, shika pesa yako na uondoke.

Kwa mahitaji maalumu, nenda Kyambogo. Chuo kikuu hicho kiliundwa 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, na mojawapo ilikuwa taasisi ya taifa ya elimu maalumu, kwa hiyo mizizi ya fani hiyo nchini iko pale. Kwa sera, sheria na takwimu, Makerere na Gulu zina njia zake. Usidharau vyuo vya mikoani kama Muni kilicho Arua, Kabale, Busitema au Soroti. Mtu aliyesomea pale anapokusudia kufanya kazi anamaliza akiwa tayari anawajua maafisa wa wilaya kwa majina.

Sasa fedha za kusomea, kwa sababu wewe mwenyewe huenda ukawa miongoni mwa walioachwa nyuma. Msichana anayeomba chuo kikuu cha umma huongezewa pointi 1.5, utaratibu ulioanza Makerere 1990. Kuna nafasi za serikali zinazogawanywa kwa wilaya, na nyingine kwa wenye ulemavu. Mgawo wa wilaya una kasoro inayojulikana: nafasi za wilaya maskini huchukuliwa na watoto waliosomea shule kubwa za Wakiso na Kampala, wakaandika wilaya ya babu yao. Hilo lisikukatishe tamaa ya kuomba. Omba, na weka barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, inayothibitisha kwenu ni wapi.

Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HESFB, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, hulipia karo ya raia wanaosoma hasa kozi za sayansi, pamoja na vifaa vya wanafunzi wenye ulemavu. Hailipii chakula wala malazi, kwa hiyo panga hayo kabla ya kusaini. Wakimbizi hawamo katika mkopo huo. Wao watazame ufadhili wa DAFI unaosimamiwa na UNHCR. Ushindani wake ni mkali, na anayeshinda mara nyingi ni yule ambaye barua yake inaeleza kazi aliyokwisha kuifanya kambini. Barua za kusimulia mateso tu ziko mezani kwao kwa marundo.

Ndugu uliyetoka Kongo na diploma ya serikali, soma hapa polepole. Cheti cha sekondari kutoka nje hulinganishwa na UNEB, baraza la mitihani. Digrii na diploma za vyuo hulinganishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Watataka nakala halisi na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Kama karatasi ziliungua au zilibaki, anza na barua ya shule uliyosoma ikiwa bado ipo, au mtu wa huko anayeweza kufika ofisi ya elimu ya mkoa. Itachukua miezi. Bila ulinganisho huo utabaki msaidizi wa darasani hata kama ulikuwa mkuu wa shule Uvira. Sheria ya elimu ya 2008 inataka mwalimu awe amesajiliwa au ana leseni, na mkaguzi hatapokea maelezo ya mdomo.

Na Kiingereza. Huwezi kukikwepa, ripoti zote zinaandikwa kwa Kiingereza. Lakini Kiswahili chako nacho kimepanda bei. Kimewekwa kuwa somo la lazima S1 na S2 katika mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Walimu wa kukifundisha hawatoshi. Mwenye shahada ya ualimu yenye Kiswahili ana njia ya kuingia shule za serikali ambayo wengine hawana.

Hatua ya 4: Ingia kazini kabla ya kuajiriwa

Njia ninayoiamini zaidi kwa Mswahili ni usaidizi wa darasani katika makazi ya wakimbizi. Shule nyingi huko zina watu wanaokaa na mwalimu wa Uganda na kuwafafanulia watoto kwa lugha yao. Malipo ni madogo, pengine posho ya mwezi tu. Faida yake ni kwamba unajifunza mtaala wa Uganda kutoka ndani, na mwalimu mkuu anakujua. Tumia muda huo kuandika kila siku kwenye daftari: nani hayupo, amekosa mara ngapi, nani jirani yake. Baada ya muhula mmoja una kitu ambacho wengi wenye shahada ya uzamili hawana.

Kwa waliomaliza digrii, Teach For Uganda huwapeleka vijana kufundisha shule za vijijini kwa miaka miwili. Ni kazi ngumu, nyumba ya mwalimu inaweza kuwa chumba kimoja chenye popo, lakini ukitoka una uzoefu unaoeleweka kwa mwajiri yeyote.

Njia ya tatu haina mshahara kabisa na watu huisahau: kamati ya uongozi wa shule. Kila shule ya msingi ya serikali inayo, na wazazi wana wawakilishi ndani yake. Mzazi kijana anayejua kusoma hesabu na haogopi kuuliza risiti ni nadra kuliko mvua ya Januari kule Karamoja. Ukikaa pale muhula kwa muhula utaona jinsi fedha zinavyoingia, zinavyocheleweshwa na zinavyoandikwa, na huo ni ujuzi unaoweza kuuandika kwenye maombi ya kazi.

Hatua ya 5: Jua milango na zamu ya kubisha

Huu ni ufundi ambao haufundishwi chuoni, na unaharibu kazi nzuri nyingi.

Ukiingia kijijini, anza kwa mwenyekiti wa LC1. Ukiingia shuleni, anza ofisi ya mwalimu mkuu na saini kitabu cha wageni kabla ya kuongea na mtoto yeyote. Kitabu hicho mkaguzi wa shule hukisoma. Jina lako likiwemo kila mara kwa tarehe na sababu, umekwisha kujitetea. Wilayani, mtu wako ni afisa elimu, DEO, na mkaguzi wa shule wa wilaya. Juu yao katika utawala yuko afisa mkuu mtendaji, CAO, ambaye ndiye husaini makubaliano na mashirika. Msichana aliyeolewa akiwa mdogo utampeleka kwa afisa maendeleo ya jamii wa gombolola (ngazi iliyo chini ya wilaya) na polisi wa familia. DEO pekee hatoshi.

Katika makazi ya wakimbizi unaongeza wawili: kamanda wa makazi kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu, na viongozi wa wakimbizi wenyewe wanaochaguliwa, RWC. Usiruke RWC ukidhani hawana mamlaka. Wao ndio wanaojua nyumba ipi imehama blok usiku.

Mzee akikukaribisha, kaa. Mwite mzee, mama, mwalimu, afande, inavyostahili, hata kama unamzidi vyeti. Usiende wiki ya PLE mwanzoni mwa Novemba, wala siku ya gulio. Na usipige picha za watoto kabla ya kuwa na ruhusa ya maandishi. Mimi ningesema usipige kabisa mwaka wa kwanza.

Hatua ya 6: Mrudishe mtoto mmoja hadi mwisho

Shirika lolote makini litakuuliza, "Umefanya nini?" Uwe na mtoto mmoja wa kumsimulia, bila kumtaja jina. Hebu tuchukue mfano wa msichana aliyejifungua akiwa P6.

Mwongozo wa Wizara ya Elimu uliorekebishwa 2020 unatambua kwamba ana haki ya kurudi shuleni baada ya kujifungua. Wazazi hawaujui, na walimu wakuu wengine wanaujua lakini wanahofia wazazi wa watoto wengine. Kwa hiyo usianze shuleni. Anza na swali la nani atabaki na mtoto mchanga kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi. Kama jibu ni bibi, ongea na bibi kwanza, maana yeye ndiye atakayechoka. Kama hakuna jibu, hata sare mpya haitasaidia.

Kisha mwulize msichana mwenyewe anataka kurudi shule ile ile au nyingine. Wengi wanataka nyingine, kwa sababu ya midomo. Sasa nenda kwa mwalimu mkuu pamoja na mzazi, ukiwa na nakala ya mwongozo wa wizara, na uombe kuonana na mwalimu wa kike anayewasimamia wasichana. Huyu ndiye atakayeamua kama kurudi kwake kutadumu. Uliza pia kama baba wa mtoto ni mtu mzima, kwa sababu hapo kuna kosa la jinai na huwezi kunyamaza. Namba ya bure ya msaada kwa watoto ni 116, na kesi ikifunguliwa iandike namba yake.

Halafu fuatilia. Wiki ya pili, mwisho wa mwezi, mwanzo wa muhula unaofuata. Wengi wanaorudi hupotea tena mtoto mchanga anapougua malaria kwa mara ya kwanza, na mwalimu anadhani ameacha. Ziara moja wiki hiyo huokoa mwaka mzima.

Kwa mtoto mwenye ulemavu mfano ni tofauti kidogo. UNEB hutoa karatasi za breili, maandishi makubwa, muda wa ziada na wakalimani wa lugha ya alama, lakini ni lazima shule ieleze mahitaji hayo wakati wa kumsajili mtahiniwa, miezi mingi kabla ya mtihani. Kazi yako ni kumkumbusha mwalimu mkuu kwa maandishi, na kubaki na nakala.

Hatua ya 7: Omba kazi

Nafasi za wilaya hutangazwa na tume ya utumishi ya wilaya kwenye ubao wake na magazetini. Za mashirika ziko kwenye tovuti zao na kwenye ReliefWeb. Hakuna shirika halali linalodai "pesa ya fomu" au ya daktari kabla ya usaili. Ukidaiwa, ripoti.

Wasifu wako uwe kurasa mbili. Badala ya kuandika "ninapenda watoto", andika ulichohesabu: darasa gani, wangapi walikuwa hawafiki, wangapi walirudi, ulifanya na ofisi gani. Taja lugha zako zote na kiwango chake kwa ukweli. Kiswahili, Kinyarwanda au Kifuliiru kinaweza kukupa kazi Nakivale kabla ya digrii yako. Kwenye usaili utaulizwa ungefanya nini ukigundua mwalimu anamdhulumu mtoto. Jibu ni kwamba unaripoti kwa utaratibu wa shirika na wa serikali siku hiyo hiyo, hata kama mwalimu huyo ndiye aliyekutafutia nyumba.

Kuhusu kuanzisha shirika lako

Kila wiki mtu ananiuliza. Kwa wengi jibu langu ni subiri. Wilaya nyingi zina orodha ndefu ya vikundi vyenye mhuri na bendera na visivyo na mtoto hata mmoja. Ukishafanya kazi ya watu wengine miaka kadhaa, na umeona pengo ambalo hakuna anayelishika, anza kama kikundi cha jamii kilichoandikishwa wilayani kwa afisa maendeleo ya jamii. Usikimbilie usajili wa taifa. Tafuta makubaliano ya maandishi na wilaya yako.

Wilaya huandaa mkutano wa bajeti wa mwaka unaofuata karibu Oktoba au Novemba, ingawa mwaka wa fedha huanza Julai. Nenda na ukurasa mmoja: shule zipi tano, darasa gani, watoto wangapi, gharama kiasi gani. Mpe nakala diwani wa gombolola yako kabla ya siku hiyo, kwa sababu ndani ya ukumbi wageni huruhusiwa kuongea dakika mbili, na yeye huongea kadiri anavyotaka.